Dogo, la Kati, Kubwa

Tulimwita Mkuu. Jina lake nililiona kila siku chini ya fomu, limesainiwa kwa wino wa bluu na mstari mrefu chini yake, lakini sijawahi kulitamka mbele yake. Hata leo nikisema "Mkuu", watu wa Mbinga wa rika langu wanajua namzungumzia nani. Alikuwa mkuu wa maabara ya kiwanda cha kukoboa kahawa. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja: meza ya saruji, mizani mbili, tanuri la umeme, kabati la madaftari na viti vitatu, kimoja kibovu. Ukuu wake ulikuwa juu yangu mimi, juu ya mwenzangu mmoja wa kiume, na juu ya tanuri. Basi.

Niseme mapema: mtu huyu alinikasirisha kuliko mtu mwingine yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na nimefanya kazi na wengi. Wala hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamkwepa, mambo yanaisha. Mkuu alikuwa mkweli, hakula rushwa, hakuchelewa kazini hata siku moja, na alijua majina ya watoto wetu wote. Sasa mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi? Ukigombana naye, mbaya ni wewe.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kupima unyevu. Kahawa ikibaki na maji mengi huota ukungu ndani ya gunia. Vyama vya msingi vya wakulima, cha kwetu Maguu kikiwemo, vilituletea sampuli za kahawa ya maganda, yaani ile iliyokwisha kuoshwa na kukaushwa lakini bado ina ganda lake jembamba. Tulikoboa kiasi cha kiganja, tukapima uzito, tukaziweka punje kwenye visahani vya bati, zikaingia kwenye tanuri saa kumi jioni na kutoka saa mbili asubuhi, kisha tukapima tena. Uzito uliopotea ndio maji. Yasipozidi kumi na mbili kwa mia, kahawa ni kavu. Yakizidi, ni mbichi. Njia hiyo ilikuwa imethibitishwa na makao makuu, ina namba na mhuri, imebandikwa ukutani. Wageni wakija, Mkuu aliwasomea akiwa amesimama.

Kubadilisha chochote ndani ya njia ile kulihitaji fomu, na fomu ilikuwa na visanduku vitatu. Dogo: jibu haliwezi kuguswa, Mkuu anasaini mwenyewe siku hiyo hiyo. La kati: jibu huenda likaguswa, kwa hiyo tunapima sampuli thelathini kwa njia zote mbili, tunalinganisha, ndipo anasaini mwenyewe. Kubwa: njia yenyewe inabadilika. Hapo tunapima sampuli zile zile thelathini, lakini yeye hana mamlaka ya kusaini, karatasi zinakwenda makao makuu, nasi tunakaa kusubiri.

Utadhani natia chumvi. Siku moja mtunza stoo alikosa sabuni ya mche ya kuoshea visahani, akatuletea ya unga. Mkuu akatoa fomu. Nikamwambia, "Mkuu, sabuni ni sabuni. Fomu ya nini?" Akanitazama juu ya miwani yake iliyofungwa kwa waya wa shaba, akasema, "Kinagusa wapi, binti?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Hakuuliza kitu ni kikubwa au kidogo kwa macho. Aliuliza kinagusa wapi. Sabuni inagusa kisahani, kisahani kinapimwa pamoja na kahawa, sabuni ikibaki kwenye kona itaongeza uzito. Tuliosha kisahani kimoja mara sita, tukakipima mara sita, na mchana ukaisha. Kisha akatia alama kwenye Dogo, akasaini. Kwa sababu ya sabuni.

Safari nyingine yeye mwenyewe alitaka kulihamisha tanuri kutoka ukuta wa dirishani kwenda ukuta wa ndani, maana mvua ilikuwa inapenya. Hatua tatu, nne hivi. Hilo akaliweka la kati. Nikamwuliza kwa nini, akasema joto la ukuta mwingine huenda likagusa jibu, na tukapima sampuli thelathini kabla na thelathini baada. Mwenzangu akaumwa kichwa wiki nzima. Dereva wa kiwanda, mtu wa mizaha, alipolisikia alikuja mlangoni akavua kofia. "Mkuu, nataka kuongeza mke wa pili. Nitie alama wapi?" Mkuu hakucheka. Akafungua droo, akamkabidhi fomu. "Kubwa," akasema. "Na uambatanishe sahihi ya mke wa kwanza." Dereva aliitembeza fomu ile kiwanda kizima, na mkewe alipopata habari, nasikia bwana huyo alilala kwa jirani siku mbili.

Lakini mtu huyu huyu, mkimaliza kazi, mkamkuta anacheza drafti nje ya duka la nguo pale karibu na stendi, hamtamjua. Kwenye drafti hakuna sheria ambayo Mkuu hakuibadilisha katikati ya mchezo. Akiona kingi wake amebanwa, utasikia, "Kwetu kingi anaruka hivi." Kesho akiwa na nafasi ya kumla kingi wa mwenzake, kwetu kingi haruki hivyo tena. Wazee walimpigia kelele, yeye anatabasamu, anapanga vifuniko vya soda upya. Hata nyumbani kwake ilikuwa hivyo. Mke wake, mama mmoja wa Mbaha kule ziwani, aliniambia hajawahi kunywa chai ya mume wake iliyofanana mara mbili. Leo tangawizi, kesho mchaichai, keshokutwa majani fulani aliyoyachuma njiani hata jina hajui. Nilikaa nao sebuleni nikanywa hiyo ya majani ya njiani, nikamwuliza Mkuu kama ameijazia fomu. Akasema, "Chai haina mwenyewe." Nilipomwuliza maana yake, akasema jibu la kahawa lina mwenyewe, kuna mkulima amekaa analisubiri, ila chai ni ya kwake na mdomo wake.

Nilimpenda siku ile, nakiri. Na nilimpenda zaidi siku meneja alipoingia maabara na kutaka majibu yatolewe kabla ya saa zake kutimia kwa sababu malori yanasubiri. Mkuu alisimama mbele ya tanuri, mtu mfupi yule, mikono nyuma. "Saa mbili asubuhi, bwana meneja." Meneja akamwambia anaweza kumhamishia Tunduru. Mkuu akajibu kwamba hata Tunduru tanuri likiwepo litafunguliwa saa mbili asubuhi. Meneja alitoka akiwa amevimba, na hakumhamisha.

Kwa nini alikuwa hivi aliniambia mara moja tu, tukiwa tunasubiri jenereta liwake. Alipokuwa kijana, kituo kingine, alipunguza muda wa tanuri ili awahi harusi ya rafiki yake. Saa chache tu. Hakumwambia mtu. Kahawa ikaonekana kavu, ikasafirishwa, ikaoza bandarini. Akafukuzwa kazi mtunza ghala, ambaye kosa lake lilikuwa kushika ufunguo. "Nilijiidhinishia mwenyewe," Mkuu akasema. "Niliomba mimi, nikakubali mimi." Jenereta likawaka, akainuka kwenda kuangalia kipimajoto, na habari ile hakuirudia tena.

Sasa nifike kwenye linaloniuma.

Soko likafunguliwa. Zamani kahawa yote ilipitia chama, chama kikapeleka kiwandani. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na pikapu zao, wakapanda mpaka Maguu asubuhi na mapema, wakasimamisha mzani chini ya mwembe wa chama au barabarani tu, na kila mmoja ana mashine ya mkononi ya kupimia unyevu. Unajaza kahawa kwenye kikombe chake, unabonyeza, namba inatokea. Dakika moja. Wakulima waliokuwa wanasubiri jibu letu hadi kesho yake wakaanza kutucheka, na wana haki.

Baba yangu alikuwa katibu wa chama cha Maguu, na kabla ya ukatibu alikuwa mkaushaji. Kila mtu pale anajua kukausha kahawa, lakini baba alikuwa anaitwa. Jirani akiwa na shaka na kahawa yake, anamwita baba. Baba anachukua punje, anaing'ata upande wa jino la nyuma, anasikiliza. Ndiyo, anasikiliza. Kisha anasema, "Bado siku mbili," au, "Anua leo." Nilipoanza kazi maabara nilimpima kwa siri: kila sampuli ya Maguu niliyoitia kwenye tanuri, kwanza nilikuwa nimemwuliza yeye. Hakukosea. Nilimwambia Mkuu, na Mkuu akauliza kama baba yangu anaweza kuandika njia yake hatua kwa hatua. Baba aliposikia alicheka hadi akakohoa.

Basi wanunuzi wale wakaanza kumwambia baba yangu kahawa yake mbichi.

Mara ya kwanza alidhani ni utani. Mnunuzi akamwonyesha namba: kumi na tatu. Baba aking'ata anasikia kumi na moja, mashine inasema kumi na tatu, na watu wamesimama kwenye foleni wanatazama. Wakamkata kilo kadhaa kwa ajili ya maji. Wiki iliyofuata hivyo hivyo, kumi na tatu, na majirani zake aliowaambia "anua leo" wote wakaambiwa mbichi. Kuletewa cheti cha tanuri letu hakukusaidia. Mnunuzi alikitazama, akasema, "Hiki ni cha jana. Kahawa imelala na umande." Watu wakaacha kumwita baba. Kukatwa kilo hakukumuuma kama kutoitwa.

Ndipo nikaomba. Kiwanda kilikuwa kimepewa mashine moja ya mkononi, ya aina ile ile ya wanunuzi, ikawa imelala kabatini ndani ya sanduku lake. Nikajaza fomu, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: "Naomba kubadilisha kipimo cha unyevu ili tutumie na cha mkononi, wakulima wapate majibu haraka." Mkuu akaisoma mara mbili. Akatia alama kwenye Kubwa. Sikushangaa. Mtu aliyehangaika na sabuni mchana mzima, mashine mpya ataiweka wapi?

Tukapima sampuli thelathini. Nilizipima mimi, kwa mikono yangu, na nyingi nilikwenda kuzichukua Maguu asubuhi, baridi inakata masikio, ukungu haujapanda, kama wanunuzi wanavyofanya. Nilipomaliza kulinganisha nilikaa kwenye kile kiti kibovu, nikazirudia namba. Mashine ilikuwa imetengenezwa isome punje zilizokobolewa, na watu wanaitilia kahawa ya maganda. Tena ganda la Maguu asubuhi lina umande. Punje ndani kavu, ganda nje limelowa, mashine inasoma ganda. Kila sampuli ya asubuhi ya baridi ilizidi kwa mbili, au karibu na mbili. Baba yangu alikuwa sahihi siku zote.

Mkuu alizipitia hesabu zangu siku mbili, hakukuta kosa. Akaandika jedwali kwa mkono wake, safi, mistari imepigwa kwa rula. Kahawa ya maganda, asubuhi ya baridi: toa mbili. Nikamwambia, "Mkuu, hili tulipige mhuri leo, nilipeleke Maguu, libandikwe kwenye mlango wa chama. Mnunuzi akisema kumi na tatu, mkulima anamwonyesha."

"Jedwali ni sehemu ya badiliko," akasema. "Badiliko halijaidhinishwa."

Barua ikaenda makao makuu. Tukasubiri. Mwezi mmoja, kimya. Akaandika ya pili, kimya. Sisi hatukujua kwamba kule nako upepo umevuma: idara zimeunganishwa, nyingine zimefutwa, watu wamepunguzwa kazi, viti vimebaki havina wa kuvikalia. Barua ya tatu ilirudi kama ilivyokwenda, bahasha haijafunguliwa, mtu ameandika juu yake kwa kalamu nyekundu kwamba idara hiyo haipo. Nilimpelekea Mkuu mkononi. Nilifurahi hata, nikijua sasa mambo yamekwisha, hakuna wa kuombwa, atasaini mwenyewe.

Alitoboa bahasha ile kwa mashine ya kutobolea, akaiweka kwenye faili, akaandika kwenye daftari: "Inasubiri idhini."

"Ya nani?" nikamwuliza. "Mkuu, idhini ya nani? Ofisi imekufa."

"Patakuwa na nyingine."

"Lini?"

"Sijui lini, binti. Usinipigie kelele."

Nilimpigia kelele. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake, mwenzangu akatoka nje. Nilimwambia kwamba kuna watu wanaibiwa kila asubuhi na yeye ana dawa yao kwenye droo. Nilimwambia kwamba baba yangu ameacha kung'ata kahawa. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, taratibu, kwamba akitoa namba isiyoidhinishwa na ikawa na kosa, hataumia yeye, ataumia mwenye ufunguo. Nikatoka nikaufunga mlango kwa kishindo, na kesho yake asubuhi nikarudi kufungua tanuri saa mbili. Ningefanya nini? Nilikuwa na mtoto wa kusomesha.

Dereva ndiye alilisema vizuri, kwa mizaha yake. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. "Sasa hapa kwetu," akasema, "la Mkuu mmelisikia ninyi, guu limevunjika la watu wa Maguu."

Baba alikuja Mbinga mara moja katika miezi ile. Alinikuta nyumbani, akakaa, akanywa uji, akatoa mfukoni punje chache zilizofungwa kwenye kitambaa. Akaziweka mezani. "Mwanangu," akasema, "wewe una mashine na una elimu. Niambie kweli. Hii ni mbichi?" Sikuhitaji hata kuigusa. Nikamwambia, "Baba, tunasubiri barua. Ikija nitakuambia." Akazifunga punje zake, akasema haya, akaondoka na lori la saa nane. Miaka miwili baadaye aling'oa mibuni yote ya mteremko wa mbele, akarudisha mahindi na maharage kwenye ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, kama baba zake. Waliomwuliza kwa nini, aliwajibu kwamba mikono yake imesahau kazi. Kiwanda nacho hakikudumu. Kilipata mwenyewe mpya, mwenyewe mpya akaleta watu wake na mashine zake, sisi tukapewa barua za kushukuriwa. Mkuu akastaafu, akahamia Mbaha kwa wakwe zake. Hakuniaga, nami sikumuaga.

Baba alifariki mwaka wa mavuno mazuri ya mahindi. Matanga yalipokwisha nilishuka ziwani kumtafuta Mkuu. Sitajifanya kwamba nilikwenda kumjulia hali. Nilikwenda nikiwa nimepanga maneno, na njia nzima ya kuteremka nilikuwa nayarudia mdomoni.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anageuza usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, juu ya kichanja. Amekonda, jicho moja limefunga ukungu. Mke wake alipaza sauti, "Mgeni wako wa maabara." Nikamwamkia, "Shikamoo Mkuu." "Marahaba, binti. Au niseme mama sasa?" Nikasema binti yatosha. Nikakaa kwenye jiwe. Nikamwambia baba yangu amefariki, akanipa pole, pole ya kweli, akauliza aliumwa nini. Nikamweleza. Kisha nikamwambia nilichokuja kumwambia: kwamba mzee yule alikufa akiamini hajui kukausha kahawa, na karatasi iliyokuwa inasema anajua ilibaki kwenye droo yake.

Hakukana. Aligeuza usipa kidogo, akasema, "Lile badiliko halikuwa kubwa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Lilikuwa la kati," akasema. "Tanuri lilikuwa linabaki. Njia ilikuwa inabaki. Tulikuwa tunaongeza kifaa pembeni. La kati. Sampuli thelathini ukishapima, nasaini mwenyewe."

"Sasa kwa nini uliweka Kubwa?"

"Uliandika 'kubadilisha kipimo'."

"Niliandika kipimo, ndiyo. Ile mashine."

"Mashine ni kifaa. Kipimo ni ile njia. Kipimo ni pamoja na ile kumi na mbili yenyewe, mpaka wa kavu na mbichi. Mtu akiniomba kubadilisha kipimo, hiyo ni Kubwa. Ungeandika 'kuongeza kifaa', ningesaini siku ile ile uliyomaliza hesabu."

Nilishika kichwa. Neno moja. Kila mtu Tanzania nzima anaita mashine ya kupimia kipimo. Mwenye duka anaita mzani kipimo, nesi anaita kile cha joto kipimo, mlevi anaita glasi kipimo. Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa imeanza kupanda kama siku ile maabara, "Mkuu, uliposoma, ulijua nilichotaka kusema au hukujua?"

"Nilijua."

"Ulijua."

"Nilijua. Lakini siidhinishi ninachojua. Naidhinisha kilichoandikwa."

"Ungeniambia niandike upya. Dakika tano."

"Ningekwambia uandike nini, ningekuwa nimeiandika mimi. Nikaiomba mimi, nikaikubali mimi." Akapangusa mikono kwenye msuli. "Nilingoja uniulize kwa nini ni Kubwa. Sabuni uliuliza. Tanuri uliuliza. Lile hukuuliza."

Ni kweli, sikuuliza. Nilikuwa nimekwisha kumzoea, nikadhani nalijua jibu. Nilikaa pale juu ya jiwe na hasira yangu, sijui niimwage wapi, maana mtu mwenyewe ni mzee, jicho moja, anatoa mchanga kwenye usipa. Nikamwambia kwamba amemuua baba yangu kwa neno. Nilisema hivyo hivyo. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na chai, akasikia, akarudi ndani.

Mkuu aliumaliza upande mmoja wa kichanja. Kisha akanigeukia na lile jicho zima.

"Sampuli zile thelathini ulizipima wewe," akasema. "Toa mbili uliijua kabla yangu. Mzee alikuwa baba yako, si mteja. Kumwambia mtu nyumbani kwake hakuhitaji mhuri. Ulimwambia?"

Nikaziona zile punje kwenye kitambaa mezani kwangu.

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu jingine. Halikuwepo.

"Ilikuwa haijaidhinishwa," nikasema.

Mkuu aliitikia kwa kichwa. "Ulifanya sawa," akasema, kwa upole, na niliona anasema kwa moyo wake wote. Miaka yote niliyofanya kazi chini yake hakuwahi kunisifu kwa lolote.

Sikusubiri chai. Nilimuaga mke wake, nikapanda bodaboda hadi barabarani. Kijana aliyekuwa anaendesha alinisikia nikilia mgongoni kwake, akapunguza mwendo, akaniuliza kama natoka msibani. Nikamwambia ndiyo.